Uchambuzi wa kisa: Ngoma, batiki na michoro chini ya paa moja, Iringa

Usuli

Kisa hiki ni cha onyesho la usiku mmoja lililofanyika mjini Iringa, mwezi wa saba, katikati ya kipupwe. Majina ya watu, kikundi na jengo yameondolewa, na baadhi ya vitu vidogo vimebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Hesabu zimeachwa kama zilivyokuwa kwenye daftari la mratibu.

Walikuwa watu watano wenye fani tano. Mbunifu wa mavazi ana cherehani tatu na overloki moja mjini. Fundi wa batiki hufanya kazi zake uani kwake. Mchoraji alikuwa na turubai tisa za rangi za mafuta zenye mandhari ya milima na mashamba. DJ alizoea kumbi za harusi. Wa tano alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wazee na vijana kutoka kijiji kimoja cha Wahehe. Mratibu, ambaye hakuwa msanii, ndiye aliyeshika fedha.

Shabaha yao ilikuwa onyesho ambalo nguo, muziki na picha vingekuwa kitu kimoja. Waliona kwamba kwenye maonyesho mengi ya mitindo muziki huwa wa kujazia tu na picha hutundikwa kama mapazia. Walipanga kuuza nguo kwa oda, kuuza michoro, na kulipia gharama kwa viingilio.

Bajeti ilikuwa shilingi 4,200,000. Sauti na fundi wake walichukua 900,000, kitambaa na rangi 850,000, posho ya kikundi cha ngoma 600,000, jenereta na mafuta 400,000, wanamitindo kumi na wawili 360,000 na kodi ya ghala 300,000. Vibali, viti, usafi na vyoo vilikuwa 440,000, matangazo 200,000. Akiba ilikuwa 150,000, yaani chini ya asilimia 4. Kwa kazi inayokutanisha fani tano ambazo hazijawahi kukaa pamoja, hiyo ni kidogo mno.

Maandalizi: kitambaa

Mjadala wa kwanza ulikuwa kitenge au batiki. Mbunifu alikataa kitenge kwa hoja kwamba si cha kwetu. Hoja hiyo ina ukweli. Kitenge cha nta kilizaliwa viwanda vya Uholanzi vilipoiga batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, katika karne ya 19, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, bado inakichapa. Msanii Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, amejengea kazi zake nyingi juu ya fumbo hilo la kitambaa kinachoitwa cha Kiafrika ilhali kimezunguka nusu ya dunia. Lakini kwa hoja hiyohiyo batiki nayo ingekataliwa, maana jina na ufundi wake vinajulikana zaidi kutoka Java. Sababu iliyosimama ilikuwa ya kazi tu: batiki unaweza kuitengeneza kufuata mchoro ulio nao mkononi. Mchoraji akachora mistari ya vilima, fundi akaichonga kwenye mihuri ya mbao na sponji, na picha ikahamia kwenye nguo.

Zilihitajika nguo 18. Wastani wa mita 3.5 kwa nguo ni mita 63, wakanunua mita 70 za pamba nyeupe. Kitambaa kilifuliwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni ili kutoa wanga wa kiwandani. Usipoutoa, rangi hushika kwa mabaka.

Mita 24 za kwanza ziliharibika. Rangi ilitoka hafifu, na mistari myeupe ikajaa nyufa zilizopenya rangi. Watu walidhani rangi ya unga ilikuwa feki. Fundi alipojaribu vipande vidogo, sababu mbili zikaonekana, na zote zilitokana na baridi.

Ya kwanza ni nta. Alitumia parafini tupu, na kwenye baridi ya asubuhi ya Iringa parafini hukauka ikawa ngumu na kupasuka kitambaa kinapokunjwa tu. Isitoshe, nta ilipoa kwenye muhuri kabla ya kufika chini, ikakaa juu ya uzi bila kupenya. Dalili yake ni rahisi: geuza kitambaa utazame upande wa pili. Nta iliyopenya hufanya kitambaa kionekane kimelowa mafuta pande zote mbili. Nta iliyokaa juu huonekana nyeupe, na upande wa pili haipo. Alichanganya sehemu mbili za parafini na moja ya nta ya nyuki, ambayo huku haikosekani, akasogeza jiko karibu na meza na kuacha muhuri ndani ya sufuria hadi upate moto kabla ya kila pigo. Nta ikianza kutoa moshi imezidi moto, inaweza kuwaka. Ipue, usiimwagie maji.

Ya pili ni maji ya rangi. Rangi hii ya unga huyeyushwa kwa kemikali mbili, kostiki na haidro, hushika kwenye uzi ikiwa ndani ya beseni, kisha hujionyesha kitambaa kikikutana na hewa. Maji ya bomba ya asubuhi yalikuwa baridi mno, haidro ikafanya kazi polepole, na kitambaa kikatolewa kabla rangi haijashika. Akaanza kutumia maji ya uvuguvugu, yasiyozidi joto la mkono, kwa kuwa yakizidi hapo nta hulainika na kuachia. Muda wa kuloweka ukatoka dakika 10 hadi 25, na kitambaa kikageuzwa kila mara bila kuinuliwa juu ya maji. Kopo la haidro lililoachwa wazi alilitupa, kwa sababu unyevu wa hewa huiua. Kostiki hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye kostiki, hurukia usoni. Glavu si hiari.

Kurudia mita 24 kuligharimu kitambaa cha 120,000 na rangi ya 60,000. Akiba ikawa imekwisha, na bado mwezi mzima mbele.

Maandalizi: mdundo

Mpango wa awali ulikuwa DJ arekodi ngoma, aikate vipande na kuipandisha juu ya mdundo wa kompyuta wenye mapigo 118 kwa dakika, kasi inayomfaa mwanamitindo kutembea. Kwenye mazoezi haikukaa. Ngoma ile huhesabiwa kwa tatu-tatu, mdundo wa DJ kwa nne. Mtu anaweza kuoanisha hesabu hizo akijua anachofanya, lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi: ngoma haina kasi moja. Walipoipima kwa simu ilianza kwenye mapigo makubwa 92 kwa dakika na kufika 126 baada ya dakika sita, wachezaji walipopata joto. DJ alitaka wapigaji wavae vipokea sauti na kufuata saa ya kompyuta. Kiongozi wa ngoma alikataa, na alikuwa na haki. Ngoma isiyoruhusiwa kupanda ni kelele za ngozi tu.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi bora kuliko yote ya kisa hiki. Badala ya kuibana ngoma ifuate nguo, walipanga nguo zifuate ngoma. Sehemu ya kwanza ikapewa DJ na nguo sita za mjini. Sehemu ya pili ikawa ya ngoma peke yake na nguo 12: migolole (mashuka ya kufunga begani) sita mizito ya batiki ya rangi ya udongo itoke ngoma ikiwa bado chini, na gauni na sketi sita nyepesi zitoke ngoma ikishapanda. Sehemu ya tatu wote pamoja, DJ akirudi.

Wanamitindo nao ilibidi wafundishwe upya. Waliozoea muziki wa hesabu ya nne walikanyaga kila pigo dogo wakaonekana wanakimbilia daladala. Waliambiwa wasikilize ngoma kubwa tu, mguu mmoja kwa kila pigo lake, na waziachie ndogo zipite. Siku mbili zilitosha.

Ikabaki hesabu ya kubadilisha nguo, ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya. Njia ilikuwa na urefu wa mita 14. Hatua ya sentimita 70 ni hatua 20. Kwa kasi ya 92, kwenda ni sekunde 13, kusimama mbele 8, kurudi 13: jumla 34. Kwa hiyo kila sekunde 34 mtu mmoja alikuwa akiingia nyuma ya pazia kubadilishwa. Wavishaji walikuwa wawili, kila mmoja akitumia kama sekunde 90 kwa mtu, yaani wangemaliza mtu mmoja kila sekunde 45. Foleni lazima ingeota. Na ngoma ikifika 126, mzunguko unashuka hadi sekunde 27. Mbunifu akapata suluhisho: nguo nyepesi ivaliwe ndani ya mgolole tangu mwanzo, na mgolole uvuliwe kwa kulegeza fundo moja la begani. Hakuna anayebadilisha chochote. Faida ya pili hawakuitarajia. Wasichana wenye mabega wazi kwenye ghala la nyuzi joto 12 hawakutetemeka wakisubiri zamu.

Maandalizi: ruhusa

Kibali cha onyesho kilipitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, polisi wakaarifiwa, na leseni ya kupiga muziki uliorekodiwa hadharani ikachukuliwa COSOTA, chombo cha taifa cha hakimiliki. Hayo yalikwenda bila shida kwa kuwa yalianza wiki tano kabla.

Lililokuwa gumu ni nyimbo. Mbunifu alipenda wimbo mmoja wa polepole uendane na migolole. Mzee wa kikundi akaeleza kwamba ule ni wa msibani, hauimbwi watu wakipita na nguo za kuuza. Ukabadilishwa na wa mavuno. Wengi huishia hapo wakidhani suala la mila limekwisha. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa jadi, na zaidi ya sheria kuna swali la kawaida kabisa: rekodi ya usiku ule ni ya nani? Makubaliano yalikuwa ya mdomo na yalihusu posho ya kupiga tu. Hakuna aliyegusa rekodi.

Usiku wenyewe

Tangazo lilisema saa 12 jioni. Watu walianza kujaa saa 1 na nusu usiku, wakiwa na makoti na mablanketi. Waliolipa walikuwa 260, kwa shilingi 8,000.

Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Wapigaji walijua hilo na walikuja mapema, ila mwenye ghala alikataza moto ndani, na hakuna aliyekuwa amepanga pa kuukokea nje. Mratibu akatuma mtu kununua mkaa na majiko mawili, ngoma zikaotwa uani kwa dakika 40, ngozi ikielekezwa motoni kwa umbali wa mkono na kupigwapigwa hadi sauti ikaze. Ngozi iliyokazwa hivyo kwenye baridi hulegea tena baada ya nusu saa au zaidi kidogo, kwa hiyo ngoma huotwa mwishoni kabisa, karibu na zamu yake. Wao waliota kabla ya sehemu ya kwanza, ikabidi warudie, na mapumziko yakarefuka.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Dakika ya pili ya ngoma, jenereta ikakata. Ilikuwa ya kVA 10, ambayo kwa matumizi halisi hutoa kama kilowati 8. Taa sita za wati 500 ni kilowati 3, spika na mikisa 2, balbu na kompyuta karibu nusu. Hapo nafasi ipo. Chumba cha kuvalia walichomeka pasi mbili za mvuke za wati 2,000 kila moja kunyoosha nguo za sehemu ya tatu, zote kwa wakati mmoja. Jumla ikapita 9, breka ikaruka.

Ngoma haikusimama. Haihitaji umeme. Watazamaji waliwasha tochi za simu bila kuombwa, wanamitindo wakaendelea, na migolole ikavuliwa kwenye mwanga huo. Kwa karibu dakika nne onyesho lilikwenda bila waya hata mmoja, na watu waliopata kulizungumzia baadaye walitaja dakika hizo kuliko nyingine. Hiyo haikuwa bahati tupu. Kama ngoma ingekuwa imebanwa kwenye kompyuta ya DJ, usiku ungeishia pale.

Umeme uliporudi, mpiga njuga alibaki jukwaani baada ya ngoma kunyamaza, akahesabu mapigo 16 peke yake huku DJ akipandisha sauti taratibu chini yake. Kwa kiungo hicho kidogo hakuna aliyesikia mshono kati ya hesabu ya tatu na ya nne.

Matokeo

Oda za nguo zilikuwa 11, kwa wastani wa 150,000. Nyingi zilikuwa za mgolole, vazi ambalo mbunifu mwenyewe alilihesabu kuwa la jukwaani tu. Kati ya turubai tisa, hakuna iliyouzwa usiku ule. Kesho yake asubuhi ghala lilipofunguliwa kwa waliokuja kuchukua viti na vyombo, mbili ziliuzwa kwa 250,000 kila moja, mlango ukiwa wazi na jua likiingia.

Mapato: viingilio 2,080,000, msaada wa wahisani 1,500,000, wauza vyakula 120,000, na asilimia 20 ya mauzo, yaani 330,000 za nguo na 100,000 za michoro. Jumla 4,130,000. Matumizi yalifika 4,310,000: ukiacha kitambaa kilichorudiwa, mkaa, majiko na waya wa dharura vilikula 80,000. Pengo la 180,000 walichangiana.

Wiki mbili baadaye DJ aliweka mtandaoni kipande chenye sauti ya ngoma, jina lake peke yake juu. Kikundi cha ngoma kikalalamika kupitia kwa mzee. Kipande kiliondolewa, DJ akaenda kijijini kuomba radhi, na kikarudishwa kikiwa na jina la kikundi pamoja na makubaliano ya nusu kwa nusu.

Uchambuzi

Ukitazama sehemu zilizofana na zilizokwama, tofauti haikuwa ubora wa msanii. Mchoraji huyu ana mkono mzuri. Tofauti ni kwamba sehemu ya kwanza iliongozwa na DJ, ya pili na ngoma, ya tatu na nguo, na hakuna dakika hata moja iliyoongozwa na picha. Mchoro uliingia kwenye kitambaa, jambo zuri, lakini turubai zenyewe zikawa pambo la ukuta. Fani isiyopewa uongozi hata kidogo hugeuka fanicha, na fanicha watu huikalia.

Taa zilimaliza kazi. Fundi taa alipenda nyekundu na bluu, kwa ajili ya DJ. Chini ya taa nyekundu kijani huelekea weusi, na michoro hii ilikuwa ya milima na mashamba ya chai. Bluu nayo iliitia giza batiki ya rangi ya udongo, ila nguo iliokolewa na mwendo wa mvaaji na tochi za simu. Kitambaa na picha vingepelekwa mbele ya taa zilezile siku mbili kabla, tatizo lingeonekana kwa dakika kumi. Mazoezi yalifanyika mchana, milango wazi.

Uamuzi wa kuziachia nguo zifuate ngoma ulifaa kwa sababu ulizingatia kitu kisichoweza kubadilika. Kasi ya kompyuta hubadilishwa kwa kidole, mpangilio wa nguo kwa karatasi. Ngoma ya watu kumi waliopata joto haibadilishwi na mtu. Kwenye mkutano wa fani, ni vizuri kuanza kwa kuuliza nani kati yetu hawezi kusubiri wala kubanwa, kisha wengine wapangwe kumzunguka. Kwa kipimo hicho kikundi cha ngoma kilipaswa kuingia kwenye vikao tangu mwezi wa kwanza wa maandalizi. Kiliingia wa tatu, baada ya DJ kuwa ameshatengeneza vipande alivyovitupa.

Makosa ya baridi yanaudhi zaidi, kwa kuwa wahusika wote ni wenyeji. Nta iliyopasuka, rangi iliyogoma, ngozi iliyolegea: kila fundi aliijua baridi kwenye kazi yake, ila mpango wa pamoja uliandikwa kana kwamba onyesho ni la Dar es Salaam. Hata saa 12 jioni ni saa ya mahali pa joto. Huku mwezi wa saba, watu hutoka wakishakula kitu cha moto.

Waliyobadilisha

Kwa onyesho la pili mratibu ameandaa karatasi moja yenye safu tano, kila fani na safu yake, na mistari ya dakika tano-tano inayoonyesha nani anaongoza, nani ananyamaza na nini kimechomekwa kwenye umeme. Pasi zitafanya kazi hadi saa moja kabla ya kuanza, kisha zitafungiwa. Majiko mawili yatawekwa uani, na ngoma zitaotwa sehemu ya kwanza ikiendelea. Dakika kumi za mwanzo ni za mchoraji: taa nyeupe, bila muziki, watu wakizunguka wamesimama, viti vikiletwa baadaye. Akiba imepandishwa hadi asilimia 12, na wanamitindo wamepunguzwa kutoka 12 hadi wanane.

Mkataba wa kikundi cha ngoma sasa ni wa ukurasa mmoja, umeandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wazee kabla ya kusainiwa. Unataja nyimbo zinazoruhusiwa kwa majina, posho, usafiri wa kurudi usiku, nani anarekodi, rekodi itatumika wapi, na jina la kikundi liandikwe vipi. DJ amesaini karatasi hiyohiyo.

Jambo moja halijapata jibu. Oda za migolole zimeendelea kuja, na mistari iliyoko kwenye migolole hiyo ni ya mchoraji, ambaye alilipwa mara moja tu kwa mchoro wa mihuri. Mbunifu anapendekeza 5,000 kwa kila mgolole unaouzwa, mchoraji anataka 15,000, na fundi wa batiki, aliyechonga mihuri hiyo, ameuliza yeye yuko wapi kwenye hesabu hiyo.